'Disinterested': Kosa Lisilo Kosa

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo walinzi wa lugha hiyo wamelipigania kwa miaka mingi, na vita vyake vimefika hadi kwenye vyumba vyetu vya habari na madarasa yetu. Neno lenyewe ni "disinterested". Wanasema lina maana moja tu: mtu asiye na maslahi yake katika jambo, na kwa hiyo anaweza kuliamua kwa haki. Ukilitumia kwa mtu asiyevutiwa na jambo, aliyechoshwa nalo, asiyelijali, umekosea. Ulipaswa kuandika "uninterested". Na hawaishii kusema umekosea. Wanasema unabomoa. Kila anayelichanganya neno hili, kwa maoni yao, anasaidia kuifuta fikra nzima ya uamuzi usio na upendeleo, na fikra hiyo ikishafutika hatutakuwa na namna ya kumtaja hakimu mwema.

Nabisha. Nabisha historia yao, nabisha mantiki yao, na zaidi ya yote nabisha matunda ya kazi yao. Wamewafundisha watu kuwinda kiambishi, wakawasahaulisha swali ambalo neno hilo liliwekwa kulibeba: huyu anayeamua ana nini ndani ya jambo hili?

Hoja yao ya kwanza ni ya ukongwe. Wanasimulia kwamba hapo kale neno lilikuwa safi, lina maana ya uadilifu peke yake, kisha kizazi cha karibuni kikalichafua kwa uvivu wa kusoma. Simulizi hiyo si ya kweli. Kamusi kubwa ya Oxford, ile inayofuatilia kila neno tangu lilipoandikwa mara ya kwanza, inauweka ushahidi wa zamani kabisa wa "disinterested" chini ya maana ya mtu asiyehusika wala kujali. Ushahidi huo umetoka kwa John Donne, mshairi na kasisi wa London, katika kitabu chake Biathanatos, alichokiandika karibu na mwaka 1608 na ambacho hakikuchapwa hadi alipokwisha kufariki. Maana ya kutokuwa na upendeleo inafuata baadaye; ushahidi wake wa mwanzo ni wa mwaka 1659. Na lile neno jingine, "uninterested", ambalo tunaambiwa ndilo makao halali ya kutovutiwa? Lilipoingia katika maandishi miaka ya 1640 lilimtaja mtu asiyependelea. Maana liliyonayo leo haionekani mpaka mwaka 1771. Maneno haya mawili yalianza safari kila moja likiwa limekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Mwaka 1828 Noah Webster alitoa kamusi yake ya Kiingereza cha Marekani. Fungua kidahizo cha "disinterested" uone fasili inaanzaje: neno la kwanza kabisa ni "uninterested". La pili ni "indifferent". Baada ya hapo ndipo anapokuja kwenye kutokuwa na faida binafsi katika shauri, na anatoa mfano wa jaji, kwamba ni muhimu awe hivyo kikamilifu. Yote hayo yamo katika fasili moja, bila onyo, bila alama ya kosa. Mwanazuoni aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupanga maneno ya lugha hiyo hakuona ukuta wowote kati ya maneno haya, ukuta ambao leo mwanafunzi wa Dodoma anakatwa alama kwa kuuruka.

Mtu makini atanijibu hapa, na jibu lake ni zito kuliko majibu ya wengine. Atasema kwamba Donne na Webster hawakuwa wakizungumzia kuchoshwa. Katika karne ya 17 "interest" lilikuwa neno la sheria na la mali: fungu la mtu katika kitu, dai lake, haki yake. Limetoka katika kitenzi cha Kilatini "interesse", na wanasheria wa Ulaya ya Zama za Kati walilitumia kutaja fidia ya hasara aliyoipata mtu, kabla halijaishia kwenye faida inayotozwa juu ya mkopo. Hamu ya moyo, ile ya kusema jambo fulani linanivutia, ilichelewa sana. Inaanza kuonekana wazi karne ya 18. Kwa hiyo, atasema, asiye na "interest" wa enzi zile alikuwa asiye na fungu, wala hakuwa mtu anayepiga miayo.

Nakubali yote hayo. Lakini angalia yanakotupeleka. Yanatuonyesha kwamba shina lenyewe, "interest", lilihama: kutoka fidia likaenda kwenye fungu, kutoka fungu likaenda kwenye riba, na mwisho likaingia moyoni likawa hamu. Hakuna mlinzi wa lugha aliyelizuia njiani. Leo profesa yuleyule anayekemea "disinterested" anasema bila aibu kwamba ana "interest" ya ndege au ya muziki wa zamani, maana ambayo Donne asingeitambua. Amekubali mabadiliko ya mzazi, kisha anamfukuza mtoto kwa kumfuata mzazi wake. Kanuni inayoruhusu shina kubadilika na kulikataza tawi haijulikani katika isimu ya lugha yoyote. Ni mapendeleo tu yaliyovishwa joho la kanuni.

Sasa nije kwenye hofu yao kubwa, kwamba neno likipotea na fikra itapotea. Kiingereza chenyewe kimekwisha kutujibu, kwa mfano ambao unashangaza kwamba hautajwi mara nyingi zaidi. Neno "indifferent", ambalo leo ni mtu asiyejali, asiyeguswa na lolote, kwa karne kadhaa lilikuwa ndilo neno la heshima la kutopendelea. Wazee wa baraza waliokula kiapo mahakamani walitakiwa kuwa "indifferent" kati ya pande mbili. Kitabu cha sala za Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 kinawaombea wenye mamlaka watoe haki kwa namna hiyohiyo, na kinatumia neno hilohilo. Mwombaji wa leo akilisikia anaweza kudhani anaomba mahakimu wasiojali. Basi neno hilo lilitembea njia yote, kutoka uadilifu hadi kutojali, likafika mwisho wa safari na halikurudi. Je, Waingereza walisahau maana ya hakimu asiyependelea? Katika karne zilezile ambazo neno hilo lilikuwa likiondoka ndipo sheria yao ya upendeleo ilipokuwa ikikaza.

Na sheria hiyo ilianza kabla "disinterested" halijapata maana yake ya kimahakama. Mwaka 1610, katika shauri la Dk. Bonham, Jaji Edward Coke alikataa mamlaka ya chuo cha madaktari cha London kumwadhibu tabibu aliyefanya kazi bila kibali chao. Sababu moja ilikuwa wazi: nusu ya faini ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa chuo chenyewe. Hao waliokuwa waamuzi ndio waliokuwa wadai, na ndio waliokuwa wapokeaji. Sisi tungesema ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na hatuhitaji kamusi ya mtu kulielewa jambo hilo. Coke aliandika uamuzi wake karibu nusu karne kabla ya ule ushahidi wa 1659. Fikra ilitangulia, neno likafuata.

Ikafuata kesi ya mfereji. Kampuni ya Grand Junction Canal ilikuwa na mgogoro mrefu na mwenye ardhi mmoja, Dimes, na shauri likafika mbele ya Lord Cottenham, ambaye cheo chake cha Lord Chancellor kilimweka juu ya majaji wote wa Uingereza. Aliamua kwa faida ya kampuni. Ikagundulika kwamba alikuwa na hisa za kampuni hiyo, za thamani ya maelfu ya pauni. Mwaka 1852 Baraza la Malodi likabatilisha uamuzi wake. Waliobatilisha walisema wazi kwamba hakuna aliyeamini hata kidogo kuwa Lord Cottenham aliyumbishwa na hisa zile. Hilo halikumwokoa. Hawakupima moyo wake kama una hamu au umechoka, una huruma au ni mkavu. Walitazama daftari la wanahisa. Jina lake limo, basi, uamuzi hauna nguvu.

Marekani nao wana yao. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisikiliza shauri la Tumey dhidi ya jimbo la Ohio. Zama zile pombe ilikuwa imepigwa marufuku. Tumey alikamatwa kwa kuwa na kileo, akapelekwa mbele ya meya wa kijiji cha North College Hill, ambaye ndiye alikuwa hakimu. Alitozwa faini ya dola 100. Utaratibu wa kijiji ulikuwa hivi: mshtakiwa akitiwa hatiani, meya anapata malipo yake ya gharama za kesi, akiachiwa huru, meya hapati kitu. Katika kesi hii malipo hayo yalikuwa dola 12. Jaji Mkuu Taft, aliyewahi kuwa rais wa nchi hiyo, aliandika uamuzi kwamba hukumu haiwezi kusimama. Dola 12 zilitosha. Narudia kiasi hicho kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachoonyesha upendeleo unavyopimwa na watu waliozoea kuupima: wanauliza ni shilingi ngapi, zinatoka wapi, na zinaingia mfuko wa nani endapo uamuzi utakwenda hivi au vile.

Isitoshe, hata maana wanayoilinda, ya kutokuwa na faida binafsi, haitoshi kuibeba haki. Novemba 1998 Malodi waliamua kwamba Augusto Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, hana kinga ya kushtakiwa. Shirika la Amnesty International lilikuwa limeruhusiwa kuingia katika shauri hilo. Baadaye ikafahamika kwamba mmoja wa majaji, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi na mwenyekiti wa taasisi ya hisani iliyo chini ya Amnesty. Hakuwa akilipwa kwa kazi hiyo. Hakuwa na hata senti ya kupata au kupoteza. Desemba mwaka huohuo uamuzi ukafutwa na kesi ikasikilizwa upya na jopo jingine. Kwa fasili finyu ya walinzi wa lugha, Lord Hoffmann alikuwa "disinterested" kabisa, maana faida ya mfukoni hakuwa nayo. Lakini alikuwa amejifunga na upande mmoja, na hilo lilitosha. Haki inahitaji maneno mengi na maswali mengi. Kuiegemeza yote juu ya neno moja ni kuidhoofisha.

Ndiyo maana, nadhani, watu waliokaa kuandika misingi ya haki kwa uangalifu hawakulichagua neno hili. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu chake cha 10, linadai mahakama iliyo huru na "impartial". Mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu wa mwaka 1950, kifungu cha 6, unatumia neno hilohilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 50, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama au chombo kingine kilicho huru na "impartial". "Disinterested" halimo katika vifungu hivyo. Hawa walikuwa wanazilinda haki za watu wa kweli, wafungwa na wadai na walionyang'anywa, na silaha waliyoichukua ilikuwa nyingine.

Turudi kwenye lugha yenyewe, maana wapinzani wangu wanapenda kusema kwamba mchanganyiko huu unaleta utata. Utata gani? Soma jinsi Waingereza na Wamarekani wanavyoliandika neno hili kila siku. Linapokuja na kihusishi "in", mtu "disinterested in" siasa au mpira, ni mtu asiyevutiwa, na hakuna msomaji anayesita. Linapokaa mbele ya shahidi, mshauri au mtazamaji bila kihusishi hicho, ni mtu asiye na upande. Sarufi inaifanya kazi ambayo walinzi wanadhani inafanywa na hasira zao. Halafu tazama nomino. Kutovutiwa kunaitwa "disinterest". Nomino ya "uninterest" karibu haitumiki kabisa. Kutopendelea kunaitwa "disinterestedness". Mtu anayejua kwamba kukosa hamu ni "disinterest" anafanya kosa gani akisema aliyekosa hamu ni "disinterested"? Amefuata mlango ambao lugha yenyewe imeuacha wazi.

Kuna na jambo dogo ambalo "uninterested" halilisemi vizuri. Mtu aliyekuwa na hamu ikamtoka, mwanafunzi aliyeanza muhula kwa bidii kisha akajitenga, si sawa na mtu ambaye hakuwahi kuwa na hamu tangu mwanzo. Kiambishi "dis" katika Kiingereza mara nyingi kina sauti ya kuondoka, ya kukoma, ya kutengana. Waandishi wengi wanaolitumia neno hili kwa maana inayolaaniwa wanaitafuta tofauti hiyo, hata kama hawajawahi kuieleza kwa maneno. Wanaowakemea kwa kufuta tofauti moja hawaoni kwamba wao wanafuta nyingine.

Wafaransa wanaishi na hali hii bila kelele. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu, waliosoma kwa Kifaransa, wanajua kwamba mtu "désintéressé" ni mtu asiyetafuta faida yake, ilhali kitenzi "se désintéresser" ni kupoteza hamu na jambo, na nomino "désintérêt" ni kutojali. Ni shina moja lenye maana mbili, na mahakama za Paris zinafunguliwa kila asubuhi.

Sisi wenyewe tunalo somo hilo mdomoni. Kitenzi "kuazima" kinakwenda pande zote mbili: nimeazima jembe kwa jirani, yaani nimelichukua, jirani ameniazima jembe, yaani amenipa. Mpaji na mpokeaji wamo katika neno moja, na hizo ni pande za mkataba, jambo ambalo kwa hesabu ya wapinzani wangu lingezaa kesi kila kijiji. Sijapata kusikia mtu aliyepoteza jembe kwa sababu ya kitenzi hicho. Muktadha unatosha, na usipotosha watu wanaulizana.

Hata wakubwa wa kamusi wametoa ushahidi dhidi ya hofu hii. Jopo la waandishi na wasomi waliokuwa wakiulizwa na wahariri wa kamusi ya American Heritage lilikataa matumizi hayo kwa wingi mkubwa, na walinzi hupenda kulitaja. Lakini wenzao wa Merriam-Webster, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya jinsi watu wanavyoandika, walichapisha mwaka 1989 kitabu kizima juu ya matumizi ya Kiingereza na wakaeleza kwamba maana ya uadilifu ndiyo bado inayotumika zaidi. Neno halijafa. Miaka yote hii ya kuambiwa kwamba linakata roho, na bado lina afya, na ile maana nyingine ipo kando yake kama ilivyokuwa tangu zamani.

Nawaheshimu wale wanaoliombolezea kwa sababu ya Hazlitt na Arnold. William Hazlitt alichapisha mwaka 1805 insha ya kifalsafa kuonyesha kwamba binadamu kwa asili anaweza kutenda kwa ajili ya mwingine bila kujitafutia. Matthew Arnold, mwaka 1864, aliifanya "disinterestedness" kuwa sharti la kwanza la mhakiki: asiitumikie serikali, chama wala dhehebu, aitazame kazi yenyewe. Huo ni urithi mkubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaonufaika nao kila ninapohakiki kitabu. Ila angalieni neno ambalo Arnold alilichagua. Ni ile nomino ndefu, na hiyo karibu hakuna anayeitumia kwa maana ya kuchoshwa. Urithi wake hauko hatarini. Kinachouhatarisha ni wahakiki wanaowasifu rafiki zao na kuwakata wapinzani wao, na hao wanaweza kuutumia msamiati wote bila kosa hata moja.

Sasa niseme kwa nini mabishano haya ya mbali yananigusa. Niliwahi kukaa meza moja na mhariri wa gazeti la Kiingereza siku alipopokea habari ya mwandishi chipukizi, binti aliyetoka kuripoti mgogoro wa ardhi uliopelekwa baraza la kata. Aliandika kwamba mwenyekiti wa baraza alionekana "disinterested", akichezea simu wakati akina mama wakieleza jinsi mipaka yao ilivyosogezwa. Mhariri alilizungushia neno wino mwekundu mara mbili. Akamwita binti, akampa somo refu mbele ya wenzake: huyu unamsifu, binti yangu, umesema ni mtu wa haki! Wengine wakacheka. Binti akaandika "uninterested", akaomba radhi. Aya ya mwisho ya habari ileile ilisema, kwa kupita tu, kwamba mwenyekiti ana shamba katika bonde hilohilo linalogombaniwa. Mhariri aliisoma aya hiyo. Aliweka koma mahali ilipokosekana, akaipitisha.

Huo ndio ubaya ninaoulalamikia. Habari ilikuwa imekaa mezani: mwamuzi ana fungu katika kitu anachokiamua. Lord Cottenham aliangushwa kwa hilo, na meya wa Ohio pia. Na mtu aliyejiona mlinzi wa fikra ya uadilifu aliipita bila kuiona, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba fikra hiyo inalindwa kwa kurekebisha kiambishi. Yule binti ndiye aliyekuwa ameiona, akaiandika. Hakuwa na upungufu wa fikra hata kidogo. Kiswahili chake kinatenganisha riba, maslahi na hamu kwa maneno matatu ambayo hayakaribiani hata kwa sauti, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayeyachanganya. Alichokosa ni siri ya chumba, ile alama ambayo waliosoma shule fulani hujulishana nayo kwamba wao ni wao.

Maana hiyo ndiyo kazi halisi ya kosa hili katika nchi zetu. Kiingereza kwetu ni lugha ya pili kwa wachache na ya tatu kwa wengi, na ndicho kinachoamua nani aitwe kwenye usaili na nani aachwe. Kanuni kama hii, isiyo na mizizi katika historia wala faida katika mawasiliano, inafaa kitu kimoja tu: kumtenga aliyejifunza lugha ukubwani na aliyeikuta nyumbani. Nimeona barua za maombi ya kazi zikiwekwa kando kwa sababu yake. Mtu anayejali haki kweli anapaswa kujiuliza kama kumwondoa mwombaji kwa neno ambalo Webster mwenyewe asingeliwekea alama ni tendo la mtu asiyependelea.

Tuko pia katika wakati ambao jambo hili lina uzito mpya. Tangu Tanzania ibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, watafsiri wana mlima wa maandishi ya Kiingereza mbele yao. Neno hili wanakutana nalo: shahidi "disinterested", mkurugenzi "disinterested", mthamini "disinterested". Mtafsiri aliyelishwa mabishano ya walinzi atahangaika na kiambishi. Mtafsiri mwenye akili ya sheria atauliza maandishi yanakataza nini, kisha ataandika "asiye na maslahi" pale panapokatazwa hisa na malipo, "asiye na uhusiano na upande wowote" pale panapokatazwa udugu na ajira, na "asiyependelea" pale panapotajwa mwenendo wa mtu akiwa kitini. Kiswahili kinamlazimisha achague, na hilo ni jambo jema kwa mdai aliyesimama mahakamani kuliko neno lolote la Kilatini. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 imetuzoesha kusema "mgongano wa maslahi", na msemo huo umeingia mpaka kwenye mazungumzo ya vijiweni. Watu wanaujua, na wanaweza kumuuliza diwani wao.

Kwa anayeandika Kiingereza na anataka asisumbuliwe, ushauri wangu ni mfupi. Ukimaanisha kutopendelea, andika "impartial". Ukimaanisha hana faida yoyote, sema hivyo kwa maneno marefu, na taja ni faida gani ambayo hana. Ukimaanisha hamu imemtoka, andika "disinterested" ukitaka, weka "in" baada yake, na usiombe radhi kwa mtu.

Kwa walimu na wahariri nina ombi. Liondoeni neno hili katika orodha ya makosa mnayoyakatia watu alama. Muda mtakaouokoa uhamishieni kwenye habari na hukumu zinazopita mikononi mwenu, na kwa kila mwamuzi anayetajwa humo muulize: shamba ni la nani, hisa ni za nani, zabuni ilikwenda kwa kampuni ya nani, na mtoto wa nani ameajiriwa wapi. Jibu likipatikana, liwekeni katika aya ya kwanza.